Watoto Wetu Waandikwe

Maneno niliyoyasema mbele ya wazazi, walimu na wauguzi katika ukumbi wa parokia, Katuba, mjini Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwezi wa Aprili. Nimeyanyoosha kidogo tu kwa ajili ya wasomaji.

Jambo yenu, bamama na bapapa. Jambo yenu walimu wenzangu, wauguzi, na nyinyi wachungaji ninaowaona kule nyuma karibu na mlango. Sogeeni mbele. Leo mtatajwa, na ni afadhali mtajwe mkiwa karibu.

Niliombwa niseme juu ya mahitaji ya familia zenye watoto wa usonji, au otizimu kama madaktari wetu wanavyoita. Mahitaji hayo mnayajua. Mama anayekesha na mtoto asiyelala hamhitaji mwalimu wa Katuba aje kumweleza uchovu. Kwa hiyo nitayaacha, nishike jambo moja ambalo naona tunalizunguka kila tukikutana: watoto wetu hawajaandikwa. Hawamo kwenye daftari la shule, hawamo kwenye rejista ya kituo cha afya, hawamo kwenye karatasi za komine, yaani ofisi ya serikali ya mtaa. Pesa za serikali, hata zikiwa kidogo, hufuata karatasi. Mwalimu hupelekwa penye majina. Pasipo na jina hapelekwi mtu, na wala hakuna wa kulaumiwa.

Nchi yetu ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Wengi mlio hapa hamkuwa mmezaliwa. Serikali ambayo kwa miaka yote hiyo haijapita nyumbani kuuliza "muko wangapi?" haitaamka kesho kuuliza "na ule asiyesema, iko wapi?" Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Tuchukue mji wetu. Tuseme tuko milioni 2, ijapokuwa kila anayegombania taksi saa kumi na moja jioni anajua tulishapita hapo zamani. Gawanyeni. Mtapata watu zaidi ya 15,000. Ni makadirio ya dunia, sawa, lakini hata tukipunguza nusu, wako wapi? Ingia shule yoyote ya msingi, iwe komine ya Kenya, ya Ruashi, ya Kampemba au hapa kwetu, umuulize direkta, yaani mwalimu mkuu, ana wangapi. Atakwambia hana hata mmoja. Na hasemi uongo, maana yule aliyeletwa mwezi wa tisa alirudishwa nyumbani kabla ya mwezi wa kumi, na jina likapigwa mstari.

Wako chumba cha nyuma, mlango umefungwa, kwa sababu kuna wageni. Wako kijijini kwa nkambo, babu au bibi yao, ambaye ana miaka sabini na hana nguvu ya kuwakimbiza. Wako kwenye vyumba vya maombi, wiki ya tatu sasa. Na wengine, tuseme ukweli, wako barabarani na mashege, watoto wasio na makao, maana baba aliondoka, mama akaolewa na mwingine, na mume mpya akasema ule mutoto asiingie mu nyumba yake.

Kwa wale waliokuja leo mara ya kwanza, hasa bapapa walioletwa na wake zao kwa nguvu, niseme kwa ufupi. Mtoto mwenye usonji anazaliwa na ubongo unaopokea dunia kwa namna yake. Akifikisha mwaka mmoja unamwita jina hageuki. Hakuonyeshi kitu kwa kidole. Miezi 16 imefika, hana neno hata moja. Miaka 2, hajaunganisha maneno mawili. Wengine walianza kusema "mama", "leta", halafu maneno yakapotea, na hilo ndilo linalowatisha wazazi kuliko yote. Anapanga vifuniko vya chupa mstari mrefu, ukigusa kimoja analia saa nzima. Wako wanaosema vizuri kabisa na kusoma mapema, lakini hawajui jinsi ya kucheza na wenzao. Mvua ya mwezi wa kwanza ikipiga bati, mnajua kelele yake: wewe unaongeza sauti ya redio, yeye anaziba masikio na kujigonga kichwa ukutani. Spika za kanisa saa nane usiku, jenereta ya jirani umeme ukikatwa, vyote vinamwingia kama vilivyo. Ukimchapa kwa sababu hiyo, umemwongezea maumivu juu ya maumivu.

Mimi si daktari. Lakini mambo mawili nitayasema kwa sauti. La kwanza, mtoto asiyesema apimwe masikio kwanza, maana kuna watoto walioitwa wajinga miaka mingi kumbe hawasikii. La pili, watoto kadhaa wenye usonji wana kifafa pia. Kifafa kina dawa, dawa zake zinajulikana, na hakiambukizi. Mtoto akianguka, kaeni naye! Huku kwetu watu wanakimbia wakiogopa mate. Kwa usonji wenyewe hakuna dawa ya kuuondoa, na yeyote anayewauzia chupa akisema "atapona mu mwezi moja" anataka makuta yenu, pesa zenu.

Sasa nije kwenye kinachotufanya tusiwaandikishe. Ni aibu. Na aibu hiyo ina mwenyewe: mama. Mtoto akizaliwa mzima ni wa ukoo wa baba. Akichelewa kusema, ghafla amekuwa wa upande wa mama. "Ni kwenu kule kuko bulozi," yaani uchawi. Mawifi wanakuja, wanakaa, wanakula bukari (ugali) yako, halafu wanauliza ulipokuwa na mimba ulipita wapi. Nimewaona wanawake wamerudishwa kwao kwa sababu hiyo, na mahari inadaiwa.

Msidhani ni ujinga wa Waafrika peke yao. Daktari Leo Kanner alieleza hali hii kule Marekani mwaka 1943, akiwa amewachunguza watoto 11. Miaka iliyofuata wataalamu wengi, wenye digrii zao na miwani yao, wakashikilia kwamba mtoto anakuwa hivyo kwa sababu mama hana joto la mapenzi. Wakawaita mama hao friji. Fikirieni: huku unaitwa mlozi, kule unaitwa friji, na katika sehemu zote mbili baba hakuulizwa chochote. Walioangusha mawazo yale walikuwa wazazi. Bernard Rimland alikuwa mwanasaikolojia na pia baba wa mtoto mwenye usonji. Mwaka 1964 alichapisha kitabu kuonyesha kwamba jambo hili linatokana na mwili, si na mapenzi ya mama, na mwaka uliofuata akaunganisha wazazi wa Marekani katika chama chao. London walikuwa wametangulia: mwaka 1962 wazazi waliunda chama, na mmoja wao alikuwa Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili mwenye binti wa namna hii. Kufika 1965 walikuwa na shule yao, ikiongozwa na Sybil Elgar, mwalimu aliyekuwa amewafundisha watoto wachache nyumbani mwake. Leo elimu inasema sehemu kubwa ya chanzo ni urithi wa mwilini, unaotoka pande zote mbili. Bapapa, pande zote mbili.

Jambo la chanjo nalo limefika hapa kwa simu zetu. Mwaka 1998 gazeti la madaktari la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala juu ya watoto 12 tu, na watu wakaamini chanjo ya surua inaleta usonji. Mwaka 2010 gazeti hilohilo likaifuta makala, na daktari aliyeiongoza akanyang'anywa ruhusa ya kutibu. Huku kwetu mlipuko wa surua ulioanza 2019 uliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Chanjeni watoto. Sitarudia.

Wachungaji, zamu yenu. Wengi wenu mnatusaidia. Kuna mama hapa ambaye chakula chake cha mwezi uliopita kilitoka kanisani. Lakini kuna vyumba ambamo mtoto wa miaka sita anafungishwa siku tatu bila chakula ili pepo atoke, anafungwa kamba, anatiwa pilipili machoni. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inasema anayemshtaki mtoto kwamba ni mlozi anafungwa mwaka 1 mpaka 3, na faini juu yake. Haikuandika "isipokuwa pasta". Ombeeni watoto wetu, tunaomba mtuombee na sisi. Mtoto awe ameshiba, na mama yake awe amemshika mkono.

Tuingie shule, maana hapo ndipo ninapokula mkate wangu.

Sheria tunazo. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 wazazi wameona bure hiyo kwa macho. Kifungu cha 49 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua za pekee za kumlinda. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria yetu wenyewe, Sheria namba 22/003. Basi mzazi anafika shuleni na mtoto, na sheria zote hizo ziko upande wake, na direkta anasema: "Papa, huyu hatumuwezi, mumupeleke kwa wenzake." Wenzake wako wapi? Hakusema. Mimi mwenyewe nina binti wa namna hii, na nilitamkiwa maneno hayo na shule moja ambayo sitaitaja, nikiwa mwalimu, nimevaa koti la ualimu.

Lakini sitawapiga walimu mawe, mimi ni mmoja wao. Unapewa darasa la watoto sitini na zaidi, wanne kwenye benchi la watatu, mshahara unachelewa, halafu unaongezewa mtoto anayekimbia nje kila kengele ikilia. Mwalimu anayesema "siwezi" mara nyingi anasema kweli. Ndiyo maana nasema majina yaandikwe: mwalimu msaidizi haombwi kwa huruma, anaombwa kwa orodha. Shule ikiwa na watoto 4 wa namna hii kwenye daftari, direkta ana cha kumwonyesha inspekta. Akiwa amewafukuza wote, anaonyesha nini?

Na kuna mambo hayangoji inspekta. Mweke mtoto mwanzo wa benchi, mbali na dirisha la barabarani. Mwambie mapema kengele italia. Chora vitu vya siku kwenye vipande vya karatoni: maji, choo, bukari, nyumbani. Mtoto asiyesema anakupa kipande cha karatoni badala ya kupiga yowe. Njia hiyo ya picha ilitengenezwa katika jimbo la Delaware, Marekani, mwaka 1985, na wenyewe wana vifaa vyao vya bei. Binti yangu anatumia karatoni ya sabuni na bado anapata maji yake.

Hapa niongeze jambo linaloniudhi. Wazazi wengi wa mji huu wameambiwa: "Mutoto anachelewa kusema sababu munamuchanganya na luga. Mumuseme kifaransa tu." Basi nyumba nzima inageuka. Nkambo, ambaye ana Kiluba na Kiswahili peke yake, ananyamazishwa mbele ya mjukuu wake. Mama anayeuza soko la Kenya, aliyeacha masomo mwaka wa nne, anamsemesha mwanawe Kifaransa cha maneno kumi. Mtoto alikuwa na watu watano wa kumsemesha, sasa amebaki na mmoja, tena mwenye woga. Tafiti za watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hazikuonyesha kwamba lugha ya pili inawachelewesha zaidi. Msemesheni kwa lugha mnayochekea. Mwimbieni kwayo. Kifaransa atakikuta shuleni, kama shule itampokea.

Wauguzi, nyinyi mna kitu ambacho sisi walimu hatuna: mnawaona watoto wote wakiwa bado wadogo. Kila mwezi mama wanapanga foleni na watoto wao kupima kilo. Mnaandika uzito, mnaandika chanjo. Kuna karatasi ya maswali 20 ya ndiyo na hapana, ya mtoto wa miezi 16 mpaka 30: anageuka ukimwita? anaonyesha kwa kidole? anakuletea kitu ukione? Imetafsiriwa kwa lugha nyingi na kuitumia kazini ni bure. Haitoi jibu la mwisho, inasema tu nani aangaliwe zaidi. Mstari mmoja uongezwe kwenye rejista ya kilo, na kwa mara ya kwanza kituo cha afya cha Katuba kitakuwa na idadi. Shirika la Afya Duniani pia lina mafunzo ya wazazi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9 wenye matatizo ya kukua: vikao 9 vya pamoja na kutembelewa nyumbani mara 3. Yalitungwa makusudi ili yaongozwe na watu wasio madaktari bingwa. Mabingwa hatuna wa kutosha, tunajua. Wauguzi na walimu tunao, wamejaa ukumbini humu.

Niseme juu ya wasichana, na hapa naomba bapapa msiangalie simu. Binti yangu ana miaka 13. Hasemi. Mwili wake unakua kama wa kila msichana. Mama yake alimfundisha kitambaa cha mwezi kwa picha, hatua kwa hatua, kabla damu haijaja, na siku ilipokuja hakupiga kelele. Lakini mtoto asiyesema hawezi kumtaja aliyemgusa. Kwa hiyo kwetu hakuna mjomba, hakuna mwalimu, hakuna mwimbaji wa kwaya anayebaki naye peke yake ndani ya mlango uliofungwa. Watu wamechukia, wamesema tunawatukana. Wachukie. Na ndani ya kila nguo yake tumeshona namba ya simu, maana akitoka langoni anatembea moja kwa moja mpaka miguu ichoke. Wazazi wa wavulana, shoneni pia.

Kuna mama aliniuliza nilipoingia: "Mwalimu, nikiandika jina la mutoto, batu ba avenyu bataniona je?" Swali lake ni la haki. Daftari tulilolifungua lina kurasa za aina mbili. Za kwanza zina majina na simu, na zinakaa na bamama wawili mliowachagua wenyewe. Haziendi komine, haziwekwi kwenye kundi la simu. Za pili hazina majina: umri, mvulana au msichana, komine, anasoma au hasomi, anasema au hasemi, ana kifafa au hana. Hizo za pili ndizo tutakazozipeleka kwa burugumestre, mkuu wa komine, kwa ofisi ya elimu na kwa daktari mkuu wa eneo la afya. Nakala tatu, na kila ofisi itupigie kashe, yaani muhuri, kwenye nakala yetu. Ofisi ikikataa kupiga kashe, tunakaa kwenye benchi lao mpaka saa ya kufunga. Tuna mazoea ya kungoja, hatutachoka mapema.

Na shule ikikataa mtoto, msigombane na direkta. Msilie mbele yake. Mwombeni barua ya kukataa: jina la mtoto, sababu, tarehe, sahihi, kashe. Basi. Wengi hawatakubali kuandika, kwa sababu wanajua sheria inasema nini, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza, mtoto amekaa kwenye kiti. Atakayeiandika, leteni barua hiyo. Nayo itapelekwa pamoja na orodha.

Daftari liko kwenye meza ya kushoto, karibu na mtungi wa maji. Kalamu ziko tatu, zirudi tatu. Usiyejua kuandika, binti wa mama Yvonne ataandika ukimtajia, na hatamwambia mtu. Bapapa waanze, ili bamama wenye watoto mgongoni wapate nafasi ya kukaa. Mwenye swali la shule anitafute hapa mbele. Mwenye swali la dawa amfuate muuguzi, asinifuate mimi.